Volteji ya prosesa na kutesti kama mashine imetulia: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya maswali nayajibu kila wiki, mengine usiku wa manane mtu mashine imegoma kuwaka na kesho ana kazi ya watu. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya kuumiza kichwa. Mifano mingi inatoka kwenye mashine yangu, prosesa ya Intel Core i5-9600K kwenye bodi (motherboard) ya Z390, nipo Dar na chumba hakina AC, kwa hiyo joto utakaloliona humu ni joto letu hili hili. Za Ryzen, prosesa za AMD, nimeziweka pia maana sasa hivi ndizo wengi wanazo.

## Kabla hujagusa kitu

1. Kuovakloki ni nini hasa, na volteji inaingiaje hapo?

Ni kuifanya prosesa ikimbie kuliko spidi iliyotoka nayo kiwandani. Spidi inapatikana kwa kuzidisha kloki ya msingi, ambayo ni 100 MHz, na ile ratio unayoiona kwenye BIOS (zile menyu za bodi unazoingia kabla Windows haijawaka), kwa hiyo ratio 48 ndiyo 4.8 GHz. Sasa zile transista ukitaka ziwake na kuzima haraka zaidi zinataka msukumo zaidi, na msukumo wenyewe ndiyo volteji. Ikipungua, kuna sehemu ndani ya chip ishara inachelewa kufika, prosesa inatoa jibu la uongo, na hapo ndipo unapopata skrini ya bluu, gemu kujifunga, au mbaya kuliko zote, faili linaandikwa vibaya na wewe hujui.

Volteji nayo ina gharama yake, joto. Umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volteji ukizidisha na spidi. Chukua 9600K ikiwa 4.3 GHz kwa volti 1.20, ukaipeleka 4.8 GHz kwa volti 1.35, spidi imepanda kama asilimia 12 tu lakini umeme umepanda kama asilimia 41. Hiyo hesabu ikikaa kichwani, mengi ya huku chini utayaelewa bila kuambiwa.

2. Mashine yangu inakubali kuovaklokiwa?

Wengi wanaouliza hili wana zile mashine za ofisi za mtumba, Optiplex au EliteDesk yenye i5-4590 au i7-6700, zile zinazojaa Kariakoo na Luthuli. Jibu ni hapana. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye K mwishoni (au KF) pamoja na bodi ya herufi Z kama Z390, Z490 au Z690, na hizo za ofisi hazina kimoja wala kingine. Hata ukitoa prosesa ukaweka ya K, BIOS yake haina hizo menyu kabisa. Hela yako weka kwenye SSD na ram, utaiona tofauti siku hiyo hiyo.

Kwa Ryzen za desktop karibu zote ziko wazi, shida inabaki kwenye bodi. B450, B550, X470, X570 sawa, A320 na A520 sahau. Na angalia zile za X3D, Ryzen 7 5800X3D imefungwa ratio na volteji, kwa sababu ile keshi (memori ndogo ya haraka) iliyobandikwa juu yake haipendi volteji kubwa.

3. Naweza kuiua prosesa?

Ukiandika 1.8 badala ya 1.18, ndiyo, na inaweza kuwa papo hapo. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza F10 ya kusevu, na ukiweza soma kwa sauti. Nje ya hapo, kifo cha ghafla ni nadra maana prosesa ikifika kikomo cha joto inajipunguzia mwendo yenyewe, na ikizidi inazima mashine. Kinachotokea kweli ni kuchakaa polepole, volteji kubwa na joto vikikaa pamoja muda mrefu, mpaka siku moja spidi iliyokuwa imetulia haitulii tena. Hilo liko swali la 20.

4. Niwe na vitu gani kabla ya kuanza?

HWiNFO64 ya kusoma volteji, joto na makosa. CPU-Z ya kuthibitisha spidi. Feni na hitisinki ya maana, siyo ile ndogo iliyokuja kwenye boksi. Pesti mpya kama ya zamani ina mwaka wa tatu. Nakala ya faili zako kwenye diski nyingine, na ukianza testi hiyo diski ichomoe kabisa. UPS kama mtaani kwenu umeme unacheza. BIOS kama ni ya zamani iapdeti kwanza, lakini usiapdeti siku ambayo umeme una mgao, maana ukikatika katikati ya kuandika bodi inaweza isiwake tena.

Na daftari. La karatasi. Mashine ikizima ghafla yale uliyoyaandika kwenye Notepad yameondoka nayo, na ukishafika jaribio la tisa hukumbuki la nne lilikuwa na volti ngapi. La kwangu lina kurasa kumi na moja za prosesa moja.

## Kuweka volteji

5. Nipe tu namba, niandike volti ngapi?

Nikikupa yangu nimekudanganya. Chip mbili za jina moja zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani, moja inakwenda 5.0 GHz kwa 1.28 nyingine inataka 1.40 kwa spidi hiyo hiyo. Kwa hiyo namba ya mtu wa YouTube ichukue kama ujirani tu, anwani yako utaitafuta mwenyewe.

Ninachoweza kukupa ni mahali pa kuanzia na mahali pa kusimama. Kwa Intel za kizazi cha 8 na cha 9 mimi naanzia 1.25 na sivuki 1.35 kwa matumizi ya kila siku, 1.40 ni kwa mtu mwenye maji ya kupoozea. Haswell, yaani 4670K na 4790K, joto litakukamata kabla ya volteji, wengi wanasimamia 1.25 hadi 1.30. Ryzen 3000 na 5000 ukiweka volteji ya kudumu kwa viini (cores) vyote, mimi nasimama 1.30, na kwanza soma swali la 10 na la 11 maana huenda huhitaji kabisa kuweka ya kudumu.

6. Auto, Manual, Offset, Adaptive, nichague ipi?

Auto usiiache ukiwa unapandisha ratio. Bodi haijui chip yako ni nzuri kiasi gani, kwa hiyo ili isilaumiwe inamwaga volteji nyingi. Nimeshaona bodi inapeleka 1.41 kwenye Auto kwa spidi ambayo chip hiyo hiyo ilitulia kwa 1.29.

Manual (bodi nyingine inaiita Override au Fixed) ni namba moja haibadiliki, ndiyo nzuri wakati wa kutafuta maana unajua unashughulika na nini. Ukishapata namba yako hamia Adaptive kwa Intel, ili mashine ikipumzika volteji ishuke na ikipata kazi ipande. Offset inaongeza au kupunguza kiasi kile kile kila mahali, hata mashine ikiwa imepumzika, ndiyo maana mtu akipunguza sana anakuta mashine haifi kwenye gemu ila inakufa ikiwa imekaa tu haina kazi.

7. Nimeandika 1.300 kwenye BIOS, mbona kwenye testi inasoma 1.248?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu asiyelielewa atazunguka wiki nzima. Namba uliyoandika BIOS siyo inayofika kwenye prosesa ikiwa na mzigo. Prosesa ikifanya kazi inavuta ampea nyingi sana, na njia ya kutoka kwenye bodi mpaka kwenye chip inahesabiwa kuwa na ukinzani kidogo. Ampea 100 zikipita kwenye ukinzani wa miliohm 1, volteji inashuka milivolti 100. Kushuka huku kunaitwa vdroop na kumewekwa makusudi, siyo ubovu.

Kwa hiyo ukimwambia mwenzako "natumia 1.30" hujamwambia kitu. Mwambie 1.30 kwenye BIOS, LLC ya kati (setingi ya swali la 8), 1.248 chini ya Prime95 (programu ya kubana prosesa, swali la 13). Hapo mnaweza kuzungumza. Mimi kwenye daftari naandika zote mbili kila mara, na ile ya chini ya mzigo ndiyo nazungushia duara.

8. LLC niweke ngapi?

Load-Line Calibration ni ile setingi inayopunguza huko kushuka kwa swali la 7. Ukiiona mara ya kwanza unaona dawa imepatikana, unaipeleka mwisho kabisa na volteji inanyooka kama rula. Usifanye hivyo. Mzigo ukiondoka ghafla, zile ampea zikakatika kwa mara moja, volteji inaruka juu kwa muda mfupi sana kabla bodi haijaidaka, na LLC ikiwa kali ule mruko unavuka namba uliyoandika. HWiNFO huwezi kuuona maana yenyewe inasoma kila baada ya sekunde 2. Kule kushuka kwa swali la 7 mimi nakuchukua kama rafiki, kunaacha nafasi ya huo mruko.

Weka ya katikati, ongeza volteji kidogo kwenye BIOS kufidia, basi. Ila kuwa makini na namba zake, kwa Asus Level 1 ndiyo dhaifu na zinavyopanda zinakuwa kali, kwa MSI na ASRock ni kinyume, 1 ndiyo kali kuliko zote. Gigabyte wao wanatumia majina, Low, Medium, High, Turbo, Extreme. Mtu akikwambia "weka LLC 1" muulize kwanza bodi yake ni ipi.

9. HWiNFO inanionyesha VID, Vcore na nyingine, niamini ipi?

VID ni kile prosesa inachoomba. Vcore ni kile kinachopimwa kwenye bodi. Ukiwa Manual, VID inaweza kuonyesha kitu tofauti kabisa, iache. Kwa Ryzen za AM4 tafuta mstari ulioandikwa "CPU Core Voltage (SVI2 TFN)", ndio wa kuaminika. Vcore ya bodi nyingi inaruka kwa hatua za milivolti 8 au 16, kwa hiyo usipigane na tofauti ya milivolti 5, kipimo chenyewe hakiioni.

10. Ryzen yangu sijaigusa na inapanda mpaka 1.45, ni mbovu?

Nzima kabisa. Ryzen kiini kimoja kikipewa kazi ndogo ya haraka inakipeleka spidi ya juu na volteji inaweza kukaribia 1.5, ampea zikiwa kidogo hakuna madhara, AMD wenyewe waliwahi kulieleza. Viini vyote vikibanwa inashuka yenyewe. Kosa ni mtu kuona 1.45 halafu akasema basi hiyo ndiyo salama, akaiandika Manual kwa viini vyote. Hapo umeilazimisha kubeba 1.45 pamoja na ampea zote, kitu ambacho yenyewe isingekubali.

11. Curve Optimizer ni nini na ndiyo bora kuliko volteji ya kudumu?

Kwa Ryzen 5000 kwenda mbele, kwangu ndiyo. Badala ya kuandika volteji, unaiambia kila kiini kiombe kidogo kuliko kawaida. Ryzen 5000 inaanzia hasi 30 mpaka chanya 30 na kila hatua ni kama milivolti 3 hadi 5. Joto likishuka prosesa yenyewe inajiongeza spidi, unapata vyote viwili.

Anza hasi 10 viini vyote, kisha shuka tano tano. Vile viini viwili bora, ambavyo programu ya AMD ya Ryzen Master inaviwekea alama, mara nyingi ndivyo visivyokubali kushushwa sana kwa sababu tayari vinapandishwa spidi kubwa kuliko wenzao. Na namna ya kuitesti ni tofauti kabisa, nenda swali la 15.

12. Niongeze kwa hatua gani? Nionyeshe moja kwa moja.

Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukipandisha ratio na ram na volteji pamoja halafu ikafa, hujui nani kaua. XMP, ile setingi ya kupandisha spidi ya ram, izime kwanza, ram ikae spidi yake ya kawaida mpaka umalize prosesa.

Huu ndio ukurasa wangu wa 4.8 GHz, LLC ya kati, Prime95 Small FFTs bila AVX (maana yake iko swali la 13), chumba nyuzi 29:

1.250 BIOS, 1.200 mzigo. Skrini ya bluu dakika ya 4.
1.270 BIOS, 1.216 mzigo. Worker #3 (moja ya kazi ambazo Prime95 inawagawia viini) imesimama dakika ya 38, mashine nzima bado inaenda.
1.290 BIOS, 1.232 mzigo. Saa mbili safi, joto la juu 79.
1.300 BIOS, 1.248 mzigo. Nimeiacha hapa.

Hatua za milivolti 20 zinatosha mwanzoni, ukikaribia punguza ziwe 10. Ile 10 ya mwisho niliyoongeza juu ya iliyopita ni akiba, kwa ajili ya vumbi, kwa ajili ya joto la Januari, kwa ajili ya testi ambayo sikuipiga.

Nilijaribu 5.0 pia. Ilidai 1.385 na joto likafika 92. Piga hesabu ya swali la 1, umeme unaongezeka kama asilimia 18 kwa spidi ya asilimia 4. Niliirudisha 4.8 jioni ile ile na sijajutia. Ukuta kama huo kila chip inao, ukiona volteji inadai hatua kubwa kwa MHz chache umeshaugusa.

## Kutesti

13. Nitumie programu gani, na kwa muda gani?

Inategemea uko wapi kwenye safari. Wakati bado unatafuta, Cinebench R23 dakika 10 inatosha kukuonyesha spidi ambayo haina hata dalili ya kutulia, inaokoa muda sana. Ukiona inapita ndiyo unaenda Prime95. Small FFTs inabana prosesa na keshi, Large FFTs na Blend zinaingiza ram. Saa moja hadi mbili ya Small, kisha Blend ya usiku mzima ukiwa umelala. OCCT ni nzuri kwa mtu anayeanza maana makosa inayaonyesha waziwazi na inasimama yenyewe joto likizidi. y-cruncher inakamata vitu ambavyo Prime95 inaviacha, hasa kwenye Ryzen.

Hakuna testi moja inayotosha, kila moja inabana sehemu tofauti ya chip. Mtu anayesema imetulia kwa sababu imemaliza Cinebench mara moja, hiyo ni dalili njema tu. Na AVX, zile hesabu nzito, zinaongeza joto sana, kwenye Prime95 kuna visanduku vya kuzizima. Anza ukiwa umezizima. Kama kazi zako zinatumia AVX, mfano kurenda video, itabidi umalizie ukiwa umeziwasha, au uweke AVX offset ili ratio ishuke kazi hizo zikija.

14. Prime95 worker mmoja umesimama lakini mashine haijazima, si iko fresh tu?

Haiko fresh. Ukiona mstari wa "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4" maana yake prosesa imepiga hesabu ambayo jibu lake linajulikana, na imekosea. Prime95 ilitengenezwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, mradi wa GIMPS tangu 1996, ndiyo maana ina macho makali hivyo, hesabu ikikosewa mara moja kazi yote inatupwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu yaliwahi kunipata. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mashine ambayo "haizimi", gemu zinaenda, nikaitumia kuhamisha picha za harusi ya dada yangu na kuzifunga kwenye zip. Miezi baadaye nafungua, zip inasema CRC error, picha kama arobaini zimekatika nusu kijivu. Zilikuwa zimeshafutwa kwenye kadi. Tangu hapo mashine isiyozima sio mashine iliyotulia kwangu, iliyotulia ni inayopiga hesabu sahihi kila mara.

15. Imepita Prime95 usiku mzima, lakini inajizima nikiwa nabrauzi tu. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, hasa Ryzen yenye Curve Optimizer. Prime95 ya viini vyote inashusha spidi mpaka sehemu nzuri ya kupumua. Ukibrauzi, kiini kimoja kinaruka mpaka spidi ya juu kabisa, na pale juu ndipo ulipokipunguzia volteji. Kwa hiyo testi ya mzigo mkubwa haijawahi kuigusa sehemu yenye shida.

Tumia CoreCycler, inapeleka kazi kiini kimoja kimoja kwa zamu, iache usiku. Kiini kitakachokosea kipandishe hatua tatu nne (hasi 20 kiwe hasi 17), rudia. Kama mashine ilizima yenyewe, fungua Event Viewer, Windows Logs, System, tafuta WHEA-Logger (kumbukumbu ya makosa ya hadwea) namba 18, pale ndani kuna APIC ID itakayokuelekeza ni kiini kipi. Kama ni Intel uko kwenye Offset, rudi swali la 6.

16. Joto liwe ngapi wakati wa testi?

Intel nyingi kikomo ni 100, Ryzen 5000 ni 90 au 95 kutegemea ni ipi, na Ryzen 7000 zimetengenezwa kukaa 95 zikibanwa, usishtuke. Kwa zile za kawaida mimi sitaki kuona zaidi ya 85 kwenye testi kali.

Ila vipimo vingi mtandaoni vimepigwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Dar au Mombasa mwezi wa pili mchana chumba kina 32, na prosesa nayo inapanda karibu kiasi kile kile. Kwa hiyo 75 ya mtu wa Ulaya ni kama 87 yako na feni ni ile ile. Mtu wa Arusha au Nairobi ana nafasi zaidi. Testi ya mwisho ipige mchana wa joto, siyo saa nane usiku, kwa sababu chip ikiwa ya moto inahitaji volteji zaidi kidogo na iliyopita kwenye baridi inaweza kufeli mchana.

Halafu angalia kama spidi inabaki pale pale. Ikishuka wakati wa testi, inajipunguza kwa sababu ya joto au kikomo cha wati, na hapo unatesti spidi nyingine kabisa, siyo uliyoiweka.

17. Skrini ya bluu kila moja ina jina lake, zinasema nini?

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR (0x124) na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT (0x101) mara nyingi ni volteji ndogo ya prosesa. MEMORY_MANAGEMENT (0x1A) na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA (0x50) naanzia kwenye ram. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL inaweza kuwa chochote, hata draiva. Hizi ni dalili, sio hukumu, ila zikijirudia aina moja zinakuambia pa kuanzia. Na kabla hata ya bluu, kule chini kabisa kwenye HWiNFO kuna mstari wa Windows Hardware Errors. Uwe sifuri. Ukisoma 1 tu baada ya testi, hiyo testi imefeli hata kama programu imesema imepita.

## Kesi zenye utata

18. Umeme ulicheza katikati ya testi, mashine ikazima. Nihesabu imefeli?

Usihesabu, rudia. Event Viewer itaonyesha Kernel-Power 41 kwa yote mawili, umeme kukatika na mashine kufa yenyewe, kwa hiyo hiyo peke yake haisemi kitu. Angalia kama taa ya chumbani au ruta navyo vilizima. Nimeshaona mtu anaongeza volteji siku tatu mfululizo akidhani prosesa ndiyo inafeli, kumbe ni ekstensheni imelegea. Kama inazima ghafla bila bluu, kila mara mzigo unapoanza, na umeme wa nyumba uko sawa, shuku pawa saplai.

19. Nimesevu, sasa haiwaki kabisa, skrini nyeusi.

Tulia, karibu kila mara inarudi. Subiri dakika mbili kwanza, bodi nyingi zikishindwa mara tatu zinarudi kwenye setingi salama zenyewe. Haikurudi, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi kumaliza chaji iliyobaki, kisha gusanisha pini mbili zilizoandikwa CLRTC au JBAT1 kwa bisibisi. Huzioni pini, toa ile betri ya CR2032 dakika tano. Setingi zote zitafutika, na hapo ndipo daftari la swali la 4 linapolipa.

20. Ilitulia mwaka mzima, sasa imeanza kufeli kwa setingi zile zile.

Puliza vumbi kwanza, badilisha pesti, halafu linganisha joto na lile uliloandika zamani. Joto likiwa lile lile na bado inafeli, rudisha setingi za kiwandani utesti. Ikitulia, chip imechakaa kidogo. Shusha ratio hatua moja, usiongeze volteji, maana ukiongeza unaharakisha kile kile kilichokufikisha hapo.

21. Nina Intel ya kizazi cha 13 au 14, nasikia zinakufa?

Hilo ni la kweli na Intel walilikubali 2024. Volteji ilikuwa inapanda kupita kiasi, na sehemu ya saketi ya kloki ndani ya viini inachakaa, mpaka kiwango cha chini cha volteji inachohitaji kinapanda. Dalili maarufu ni gemu kukuambia umeishiwa memori ya kadi ya picha wakati kadi ina nafasi tele. Weka BIOS mpya yenye microcode (programu ndogo ya ndani ya prosesa) 0x12B au ya baadaye, 0x12B ilitoka Septemba 2024, tumia setingi za Intel Default, na kwa hizi mimi simshauri mtu kupandisha kitu. Kama imeshaanza kufeli ikiwa setingi za kiwandani, BIOS haiitibu, dai waranti, waliiongeza miaka miwili.

22. Na Ryzen 7000 za X3D zilizoungua?

Hiyo ilikuwa 2023, na volteji iliyokuwa na kesi siyo ya viini, ni ya SoC (sehemu ya chip inayosimamia ram), ambayo bodi zilikuwa zinaipandisha sana mtu akiwasha EXPO ya ram, yaani XMP ya AMD. AMD wakaweka kikomo cha 1.30 kwenye BIOS mpya. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo iapdeti leo, kisha angalia SoC Voltage kwenye HWiNFO isivuke 1.30. Intel nao wana ndugu zake, VCCIO na VCCSA, bodi nyingi zikiwa Auto zinazipandisha ukiwasha XMP, zitazame pia.

23. Kuna mtu anauza prosesa ya K iliyokuwa imeovaklokiwa, ninunue?

Bei ikiwa nzuri mimi nanunua, ila kwa masharti. Muulize ilikaa volti ngapi na muda gani, akisema hajui volteji ilikuwa Auto, punguza bei. Mwambie aiwashe kwenye mashine yake, mwende BIOS pamoja, "Load Optimized Defaults", sevu. Fungua HWiNFO upande mmoja na Prime95 Small FFTs upande mwingine, kaa naye dakika 30, unaangalia mambo matatu: worker zote zinaenda, mstari wa Windows Hardware Errors ni sifuri, na spidi haishuki chini ya ile ya msingi (base) iliyoandikwa kwenye boksi. Akikataa kukupa hizo dakika 30, mshukuru na uondoke.